Mfuko wa Saruji Unasema Nini? Kusoma Uchumi wa Kenya Mwezi kwa Mwezi

Pato la taifa la Kenya hutangazwa kila robo mwaka, na tangazo lenyewe huja takriban miezi mitatu baada ya robo hiyo kwisha. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru hawezi kungoja muda wote huo ili ajue kama aagize mabati zaidi au amalize kwanza yaliyo ghalani. Meneja wa kiwanda Athi River, afisa wa mikopo wa benki, mwenye malori yanayopakia Mombasa na maafisa wanaopanga bajeti ya serikali nao hawawezi kungoja. Wote hao hutegemea takwimu za kila mwezi: tani za saruji, uniti za umeme, idadi ya magari yaliyoundwa humu nchini, ramani za majengo zilizoidhinishwa, na thamani ya bidhaa zilizouzwa nje na zilizoagizwa.

Nyingi kati ya takwimu hizo hukusanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, lililoundwa kwa Sheria ya Takwimu ya mwaka 2006 kuchukua nafasi ya idara ya serikali iliyokuwa ikifanya kazi hiyo. Kila mwezi shirika hutoa jarida la viashiria vikuu vya uchumi, na mwishoni mwa kila mwezi hutangaza mfumuko wa bei. Benki Kuu ya Kenya huongeza takwimu zake za mikopo, thamani ya shilingi, na pesa zinazotumwa nyumbani na Wakenya walio ng'ambo. Nchi nyingine za Afrika Mashariki zina utaratibu unaofanana na huo. Rwanda hutoa fahirisi ya uzalishaji viwandani kila mwezi, na Benki Kuu ya Tanzania huchapisha tathmini ya uchumi ya kila mwezi.

Viashiria hivi si pato la taifa lenyewe. Vinagusa sehemu ya shughuli tu, ile inayoweza kupimwa haraka. Mkulima huona mahindi yake yakigeuka rangi wiki nyingi kabla ya kuhesabu magunia, na kwa rangi hiyo hupanga mambo yake. Ndivyo takwimu za mwezi zinavyotumika: hutangulia hesabu kamili, na zina makosa ambayo hesabu kamili huja kuyasahihisha.

Kutoka kiwandani hadi kwenye jedwali

Bidhaa kama saruji au sukari hutengenezwa na kampuni chache, hivyo inawezekana kupata taarifa ya karibu kila kiwanda. Bidhaa kama mkate au fanicha hutengenezwa na watu wengi mno, na hapo watakwimu huchagua sampuli. Takwimu za biashara ya nje hutoka kwenye hati za forodha ambazo waagizaji na wauzaji lazima wazijaze. Idhini za majengo hutoka katika ofisi za kaunti, hasa Nairobi. Umeme hupimwa na mita za kampuni zinazouzalisha na kuusambaza.

Tani za saruji haziwezi kujumlishwa na lita za maziwa. Ili kupata sura moja ya viwanda vyote, watakwimu hutumia fahirisi. Mwaka mmoja huchaguliwa kuwa mwaka wa msingi na kiwango chake huitwa 100. Tuseme kiwanda cha kubuni kilitoa wastani wa tani 2,000 kwa mwezi katika mwaka wa msingi, na mwezi huu kimetoa tani 2,300. Fahirisi yake ni 115. Kisha kila bidhaa hupewa uzito kulingana na mchango wake katika thamani inayozalishwa na viwanda vyote. Kiwanda kikubwa cha saruji kikisimama kwa wiki mbili, fahirisi ya jumla itatikisika. Kiwanda kidogo cha mishumaa kikifunga kabisa, fahirisi haitajua.

Fahirisi ina mtego wake mdogo. Ikipanda kutoka 115 hadi 118 imeongezeka kwa pointi 3, lakini ongezeko halisi ni takriban asilimia 2.6, kwa sababu hesabu inaanzia 115 na si 100. Vichwa vya habari huchanganya mambo hayo mawili mara kwa mara.

Mwaka wa msingi nao huzeeka. Bidhaa mpya huingia sokoni, nyingine hufifia, na uzito uliopangwa zamani haulingani tena na hali halisi. Kenya ilibadilisha msingi wa hesabu za pato la taifa mwaka 2014, ikatumia bei za mwaka 2009, na ukubwa wa uchumi ukaongezeka kwa takriban robo bila kiwanda hata kimoja kipya kujengwa. Mwaka 2021 msingi ulihamishwa tena hadi 2016.

Viwanda: umeme, chai na miwa

Viwanda huchangia takriban asilimia 7 ya pato la taifa la Kenya. Mwaka 2017 serikali ilitangaza Ajenda Kuu Nne na kulenga kufikisha mchango huo asilimia 15 ifikapo 2022. Lengo halikufikiwa; badala yake sehemu ya viwanda katika pato la taifa iliendelea kupungua. Hata hivyo kila mwezi sekta hii hufuatiliwa kwa makini, kwa sababu huajiri watu, hununua mazao ya wakulima, na huonyesha mapema kama wateja wana pesa mfukoni.

Kiashiria chepesi kuliko vyote ni umeme. Hakuna kiwanda kinachosaga, kuyeyusha au kufuma bila nguvu za umeme, na wateja wakubwa wa viwanda na biashara hutumia takriban nusu ya umeme unaouzwa nchini, ingawa kwa idadi ni wachache sana wakilinganishwa na nyumba za kawaida. Umeme haurundikwi ghalani kama mahindi. Unaozalishwa leo hutumika leo. Kwa hiyo mita zikionyesha matumizi ya viwanda yamepungua kwa miezi mitatu mfululizo, kuna uwezekano mkubwa kwamba mitambo imepunguza kasi.

Lakini umeme una habari mbili ndani yake. Takwimu za kila mwezi hutenganisha vyanzo: mvuke wa ardhini kutoka Olkaria karibu na Naivasha, ambao ndio chanzo kikubwa zaidi, mabwawa ya mto Tana kama Masinga na Kiambere, upepo, jua, na majenereta ya mafuta. Mvua ikikosa, kama ilivyokosa mwaka 2022, umeme wa mabwawa hupungua na majenereta ya mafuta huwashwa. Jumla ya uniti inaweza kubaki ileile huku gharama kwa kiwanda ikipanda. Tena, katika miaka ya karibuni viwanda kadhaa vimefunga paneli za sola juu ya mapaa yake. Umeme vinaoununua kutoka kwenye gridi hupungua, lakini uzalishaji wa bidhaa haujapungua hata kidogo.

Kundi la pili ni viwanda vinavyosindika mazao ya shamba: chai, sukari, maziwa, unga. Hapa kalenda ya mvua ndiyo inayotawala. Majani chai ya Kericho, Bomet, Nandi na Murang'a hushamiri baada ya mvua na hudumaa katika baridi ya Julai au kiangazi cha Februari. Anayelinganisha chai ya Julai na ya Mei atapata anguko kila mwaka, na anguko hilo halina habari yoyote ya uchumi. Ni baridi tu.

Sukari ni mfano mzuri wa takwimu inayohitaji kusomwa pamoja na historia yake. Mwaka 2022 Kenya ilizalisha takriban tani 796,000. Mwaka uliofuata uzalishaji uliporomoka hadi takriban tani 473,000. Asiyejua kilichotokea angedhani viwanda vya magharibi vimekufa. Kumbe ukame ulikuwa umepunguza miwa, viwanda vikawa vinagombania miwa michanga, na katikati ya mwaka 2023 serikali ikasimamisha usagaji kwa miezi kadhaa ili miwa ikomae. Kwa miezi hiyo jedwali lilionyesha uzalishaji mdogo kabisa. Mwaka 2024, miwa ilipokomaa, uzalishaji ulivuka tani 800,000. Mwezi mbaya kuliko yote katika jedwali ulikuwa sehemu ya matibabu.

Uundaji wa magari hupimwa kwa idadi ya magari yanayotoka katika viwanda vya Nairobi, Thika na Mombasa. Mengi ni malori, mabasi na pikapu, yaani vyombo vya kazi. Mtu hanunui lori jipya kwa mkopo kama hatarajii mizigo. Kwa sababu hiyo idadi hii, ingawa ni ndogo na hupanda na kushuka sana, huonyesha zaidi matarajio ya wafanyabiashara kuliko hali yao ya leo.

Ujenzi: hadithi ya saruji

Kati ya viashiria vyote, saruji ndiyo inayonukuliwa zaidi, na ina sababu. Kwanza, karibu kila mjengo unaihitaji, kuanzia choo cha shule hadi daraja la barabara kuu. Pili, haikai. Saruji iliyowekwa miezi mitatu katika ghala lenye unyevu huanza kuganda na kupoteza nguvu, kwa hiyo hakuna anayenunua mifuko 1,000 aiweke akingoja bei ipande. Inayonunuliwa mwezi huu humwagwa mwezi huu au ujao. Tatu, huzalishwa na kampuni chache zinazojulikana, hivyo kuihesabu ni rahisi.

Ujenzi wenyewe hupita hatua, na kila hatua ina kiashiria chake. Hatua ya kwanza ni ramani. Thamani ya majengo yaliyoidhinishwa na Kaunti ya Nairobi huonyesha nia, kwani mwenye ramani bado anaweza kuahirisha akikosa fedha. Hatua ya pili ni mkopo, unaoonekana katika takwimu za Benki Kuu. Hatua ya tatu ni msingi na kuta, hapo saruji na vyuma hununuliwa. Hatua ya nne ni paa, na mabati yana mstari wake katika jarida la viashiria. Mwisho huja milango, rangi na kuunganishiwa umeme. Ramani zikipungua leo, saruji itapungua miezi kadhaa baadaye, na fundi wa rangi ataiona athari hiyo baadaye zaidi.

Miradi mikubwa ya serikali huacha alama inayoonekana kwa macho. Reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi, yenye urefu wa kilomita 472, ilizinduliwa mwishoni mwa Mei 2017. Wakati nguzo na madaraja yake yakijengwa, matumizi ya saruji yalipanda hadi takriban tani milioni 6.3 mwaka 2016. Mwaka 2017 yalishuka hadi karibu tani milioni 5.8. Kazi kubwa ya zege ilikuwa imekwisha, na mwaka huohuo ulikuwa wa uchaguzi uliorudiwa, tena mikopo ilikuwa migumu kupatikana baada ya sheria ya Septemba 2016 kuweka kikomo cha riba. Mambo matatu yaliingia katika tarakimu moja. Saruji ilisema kwamba ujenzi umepungua. Haikusema ni lipi kati ya matatu lililoupunguza zaidi.

Mwaka 2024 hadithi ilijirudia kwa sura nyingine. Matumizi ya saruji yalipungua kwa takriban asilimia 7, kutoka tani milioni 9.2 hadi milioni 8.5, na sekta nzima ya ujenzi ikasinyaa kwa asilimia 0.7, huku uchumi kwa jumla ukikua kwa asilimia 4.7. Riba ya Benki Kuu ilikuwa imefika asilimia 13 mwezi Februari, kiwango cha juu kuliko vyote kwa zaidi ya miaka 10. Serikali ilikuwa na malimbikizo makubwa ya madeni kwa wanakandarasi wa barabara, na wengi wao waliacha mitambo ikiota kutu kando ya barabara ambazo hazijakamilika. Nusu ya pili ya mwaka huo riba ilianza kupunguzwa, na mwaka 2025, serikali ilipoanza kulipa madeni ya barabara, ujenzi ukarudi kukua. Aliyefuatilia saruji kila mwezi aliiona hali mbaya na nafuu yake kabla ya takwimu za robo mwaka kutangazwa.

Saruji nayo si shahidi asiye na kasoro. Nyumba nyingi za mashambani hujengwa kwa mbao, mawe au udongo, na hizo haziingii. Kuna tofauti pia kati ya saruji inayozalishwa na inayotumika nchini, maana sehemu huuzwa nje, hasa kwa majirani. Kiwanda kinaweza kuongeza uzalishaji kwa sababu ya mjengo ulio Uganda. Anayetaka kujua hali ya ujenzi wa Kenya husoma matumizi. Anayetaka kujua hali ya viwanda husoma uzalishaji.

Biashara: bandari, dola na duka la mtaani

Kenya hununua zaidi kutoka nje kuliko inavyouza. Mwaka 2024 iliuza bidhaa za takriban shilingi trilioni 1.1 na kuagiza za takriban trilioni 2.7. Pengo hilo huitwa nakisi ya biashara, na sehemu yake huzibwa na fedha za utalii na zile zinazotumwa na Wakenya wanaoishi ng'ambo, ambazo mwaka huo zilifika dola bilioni 4.9.

Nakisi ikipanuka mwezi mmoja, wengi huishika kama habari mbaya. Inategemea kilichoagizwa. Mashine za kiwanda cha nguo zikiwasili, uagizaji hupanda mwezi huo na uzalishaji huongezeka miezi ijayo. Mahindi yakiagizwa kwa wingi, maana yake mvua ilikosa. Mafuta ya petroli yakipanda bei katika soko la dunia, nakisi hupanuka hata kama meli zimeshusha kiasi kilekile. Kwa sababu hiyo jedwali la uagizaji hugawanywa kwa aina ya bidhaa, na mgawanyo huo ndio wenye maana zaidi kuliko jumla.

Mafuta yana kalenda yake. Tangu Aprili 2023 Kenya huyaagiza kwa mkataba wa serikali kwa serikali na kampuni za Saudi Arabia na Falme za Kiarabu. Tarehe 14 ya kila mwezi mamlaka inayodhibiti kawi, EPRA, hutangaza bei za juu za petroli, dizeli na mafuta ya taa zitakazotumika hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Tangazo hilo husubiriwa na waendesha boda boda na wenye viwanda kwa pamoja, kwani nauli, bei ya unga na gharama ya kusafirisha saruji huanzia hapo.

Upande wa mauzo, chai ndiyo nguzo. Kenya ndiyo nchi inayouza nje chai nyeusi nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na sehemu kubwa huuzwa katika mnada wa kila wiki mjini Mombasa, ambako hupita pia chai ya Uganda, Rwanda na nchi nyingine za eneo hili. Maua, mboga na matunda hufuata. Usafirishaji wa waridi hupanda Januari na mapema Februari kwa ajili ya siku ya wapendanao huko Ulaya. Anayelinganisha maua ya Machi na ya Februari ataona anguko ambalo wakulima wa Naivasha wamelizoea kama walivyozoea kiangazi.

Thamani za biashara ya nje huandikwa kwa shilingi, na shilingi yenyewe huyumba. Mwishoni mwa 2022 dola moja ilinunuliwa kwa takriban shilingi 123. Januari 2024 ilipita 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imerudi karibu 129, baada ya serikali kupata fedha za kulipa deni la hati fungani za kimataifa lililokuwa likitia soko hofu. Muuzaji aliyepokea dola 10,000 kila mwezi, bila kuongeza hata kilo moja, mapato yake kwa shilingi yalipanda kutoka milioni 1.23 hadi milioni 1.6, kisha yakashuka tena. Ndiyo maana thamani husomwa pamoja na uzito: shilingi ngapi, na pia tani ngapi.

Bandari ya Mombasa ni kipimo kingine. Mwaka 2024 ilihudumia kwa mara ya kwanza makontena zaidi ya milioni 2, kwa kipimo cha kontena la futi 20. Lakini sehemu ya shehena hiyo si ya Kenya. Inakwenda Uganda, Sudan Kusini, Rwanda na mashariki mwa Kongo. Shughuli zikipamba moto Kampala au Juba, Mombasa huona mizigo zaidi, hata kama maduka ya Nairobi yamepoa.

Biashara ya ndani ni ngumu zaidi kupima, kwani mauzo mengi hufanyika sokoni na vibandani bila risiti. Hapa wachambuzi hukusanya dalili za pembeni: kodi ya ongezeko la thamani (VAT), thamani ya miamala ya pesa kwa simu inayochapishwa na Benki Kuu, usajili wa pikipiki mpya, na maoni ya wafanyabiashara wenyewe. Maoni hayo hupimwa na fahirisi ya mameneja ununuzi, PMI, ambayo benki ya Stanbic huitoa katika siku za kwanza za kila mwezi. Mameneja wa kampuni takriban 400 huulizwa kama oda, uzalishaji, ajira na akiba ya bidhaa vimepanda, vimeshuka au vimebaki vilevile. Zaidi ya 50 ni ukuaji kwa jumla. Chini ya 50 ni kusinyaa. Julai 2024, baada ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, fahirisi hiyo ilishuka hadi 43.1, na mwezi uliofuata ikarudi juu ya 50. Yaani mwezi ule ulikuwa wa duka kufungwa, haukuwa wa duka kufilisika.

Mitego ya kulinganisha

Mtego wa kwanza ni msimu. Desemba madukani haifanani na Januari, mwezi wa karo. Njia rahisi ya kuukwepa ni kulinganisha mwezi na mwezi uleule wa mwaka uliopita: Julai na Julai, Desemba na Desemba.

Hata hapo kalenda hucheza. Februari 2024 ilikuwa na siku 29, ya 2025 ilikuwa na 28. Kiwanda kinachofanya kazi kila siku kwa kasi ileile kitaonyesha kupungua kwa takriban asilimia 3.4. Pasaka ya 2024 iliangukia Machi 31, ya 2025 ikaangukia Aprili 20. Siku za mapumziko zilihama kutoka mwezi mmoja hadi mwingine. Ramadhani na Idd husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka, na biashara ya nguo na vyakula Mombasa na Garissa husogea nazo.

Mtego wa pili ni msingi mdogo. Machi 2020 Kenya ilisimamisha safari za ndege za abiria kutoka nje kwa sababu ya korona, hadi Agosti mosi. Aprili 2020 karibu hakukuwa na mtalii anayeingia. Aprili 2021, walipokuwa wameanza kurudi, asilimia ya ongezeko ilikuwa kubwa kupita kiasi, ilhali hoteli nyingi za Diani na Malindi zilikuwa bado na vyumba vitupu. Katika hali kama hiyo mlinganisho wa haki ni na mwaka 2019, kabla ya janga.

Mtego wa tatu ni kelele za mwezi mmoja. Mtambo ukiharibika, meli ikichelewa, mgomo ukizuka, tarakimu huruka bila mwelekeo kubadilika. Wachambuzi hutumia wastani wa miezi mitatu. Kiwanda kilichopata fahirisi ya 90, kisha 110, kisha 100, kina wastani wa 100. Hakikuanguka wala hakikupaa.

Mtego wa nne ni marekebisho. Takwimu za miezi ya karibuni ni za awali. Kampuni zilizochelewa huleta taarifa, makosa ya forodha hurekebishwa, na jedwali la mwezi ujao huweza kuwa na tarakimu tofauti kwa mwezi huohuo. Huo si udanganyifu. Ni bei ya kupata habari mapema. Hesabu za mwaka hutulia zaidi katika Utafiti wa Uchumi, kitabu kinene ambacho KNBS hukizindua kila mwaka.

Wasiohesabiwa

Takwimu za mwezi humwona vizuri mwenye kiwanda na kumwona kwa shida fundi wa soko la Gikomba, Nairobi. Zaidi ya asilimia 80 ya kazi zisizo za kilimo kidogo nchini Kenya ziko katika sekta isiyo rasmi, jua kali. Seremala anayetengeneza vitanda kando ya barabara, mchomeleaji wa mageti Kamukunji na mama anayeuza nguo za mitumba hawajazi fomu za KNBS kila mwezi. Wanaonekana kwa mbali tu: katika vyuma wanavyonunua, katika umeme wa kibanda, katika pesa zinazopita kwenye simu. Kwa hiyo inawezekana kabisa viwanda vikubwa vikaonyesha mwezi mzuri huku mitaa ikilalamika kwamba pesa hazizunguki, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Anayesoma gazetini kwamba saruji imepungua kwa asilimia 7 ana maswali manne ya kuuliza kabla ya kuamua chochote. Imepungua ikilinganishwa na lini? Je, ni tani au ni shilingi? Miezi miwili iliyotangulia ilikuwaje? Na ramani, mikopo, mabati na umeme vinasema nini? Majibu yakielekea upande mmoja, mwenye duka la Nakuru apunguze oda yake. Yakitofautiana, angoje mwezi mmoja zaidi.